Namba 7 kwa sura nyingi: mwongozo kwa mwalimu wa awali na darasa la kwanza

Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, lakini ukimwomba vizibo saba anakujazia kiganja. Neno "saba", vizibo saba, nukta saba na alama 7 kwake bado ni vitu visivyohusiana. Kazi yetu ni kuviunganisha, na namba 7 inafaa kuanzia kwa sababu ni kubwa kiasi cha kutotambulika kwa jicho moja, ila bado inaingia ndani ya kumi.

Vifaa. Vizibo vya soda 20, chaki, kadi za manila, na trei moja ya karatasi ya mayai 30. Trei hiyo ina safu 6 za mashimo 5. Ikate kila baada ya safu 2, utapata fremu tatu za mashimo 10. Tupa vizibo vilivyopinda maana kingo zake hukata, na usiviache karibu na mtoto wa chini ya miaka 3.

Hatua ya 1: kuhesabu kwa kusogeza. Panga vizibo saba. Mtoto asogeze kimoja kimoja upande wa pili huku akitaja namba. Akinyoosha kidole tu bila kusogeza, mdomo hutangulia mkono na kizibo kimoja huhesabiwa mara mbili. Akimaliza, muulize: "Viko vingapi?" Akianza upya kutoka moja, hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo inayotaja jumla. Rudi kwenye vitatu na vinne, usisogee mbele. Akijibu saba, vitawanye mbele ya macho yake na umuulize tena. Asiyehitaji kuhesabu upya ameiva.

Hatua ya 2: fremu. Vizibo vitano vijaze safu ya juu, viwili viende safu ya chini, kuanzia kushoto. Onyesha fremu kwa sekunde mbili, ifunike, kisha uliza: "Umeonaje?" Majibu unayoyatafuta ni "tano na mbili" au "yamebaki mashimo matatu". Hilo la pili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, maana ndilo litakalombeba baadaye kwenye 7 + 5: anachukua tatu kujaza kumi, zinabaki mbili.

Hatua ya 3: kugawa. Hapa kaa siku kadhaa, usiwe na haraka. Mtoto atikise vizibo saba mikononi na kuvimwaga chini, kisha ahesabu vilivyolala chali na vilivyofudikia: 3 na 4, 6 na 1, pengine 7 na 0. Kila mmwago auchore kwa duara tupu na duara lililojazwa. Kosa la kawaida ni mwalimu kuandika 3 + 4 = 7 ubaoni mapema mno; watoto wananakili alama na kusahau vizibo. Waache waseme kwanza, "tatu na nne ni saba", kisha wachore, ndipo waandike.

Hatua ya 4: tarakimu na mstari wa namba. Waandike 7 kwa kidole mchangani kabla ya penseli. Kuiandika imegeuka ni kawaida katika umri huu; mwonyeshe pa kuanzia tu. Chora mstari chini, alama zikiachana hatua moja ya mtoto, uanze na 0. Asimame kwenye 0 na kuruka mara saba. Akiishia 6, amehesabu pale aliposimama kama ruko la kwanza.

Sarafu zisubiri. Sarafu moja ya shilingi 500 ni kitu kimoja kinachosimamia vingi, na mtoto anayehesabu vitu mojamoja itamvuruga.

Kuvuka kumi. Kwa 14, jaza fremu moja na uweke vizibo vinne katika ya pili. Wengi wataandika 104, kwa kuwa wanasikia "kumi" halafu "nne". Usikate alama kwa kalamu nyekundu. Andika 10 kwenye kadi ya upana wa sentimita 10, na 4 kwenye kadi ya sentimita 5. Mtoto aifunike sifuri kwa kadi ya 4, asome 14, kisha aiinue aone kwamba kumi bado imo chini yake.