Trakta ya kabini majira ya mvua: kazi za shambani kandokando ya Lubumbashi

Mvua za Lubumbashi hushika Novemba na kukata kati ya Machi na Aprili. Miezi hiyo, iwe shamba liko njia ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, barabara ya kuingilia ndiyo inayoamua kama mbolea itafika na kama mahindi yatatoka. Trakta ya kabini yenye nguvu farasi 50 hadi 75, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikiwa na ndoo ya mbele na kisu cha kusawazisha nyuma, inazimaliza kazi hizo zote. Lakini kabini humkinga dereva, haiukingi udongo. Ndani ni pakavu, waipa inafuta kioo, na mtu anaendelea kulima mahali ambapo aliyekaa wazi angekuwa ameshakimbia mvua. Udongo ulioshindiliwa siku moja ya matope utakuja kukataa mizizi msimu mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia shambani, shuka. Chimba kina cha sentimita 10, chukua udongo kidogo, usokote kati ya viganja mpaka uwe kamba nyembamba ya milimita 3 hivi. Kamba ikikatikakatika, ingia. Ikishikamana na kung'aa, rudi nyumbani, hata kama juu pameshakauka. Kwenye dambo (bonde la majimaji) usidanganywe na majani mabichi yaliyosimama vizuri: chini yake kuna maji mpaka Mei.

Uzito wa nyuma

Ndoo ya mbele ikijaa mchanga, nyuma ya trakta hupungua uzito, matairi makubwa huanza kuzunguka bure na breki, ambazo kwa trakta nyingi ziko nyuma, hazishiki. Tia maji kwenye matairi ya nyuma. Inua gurudumu kwa jeki imara iliyokaa juu ya ubao mnene, uzungushe mpaka valvu iwe juu kabisa, kisha jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu. Hapo tairi imejaa robo tatu, na hewa iliyobaki ndiyo inayolainisha mitetemo. Tairi ya saizi ya 16.9-30 huchukua karibu lita 300, yaani kilo 300 kila upande. Maji matupu yanatosha huku kwetu, kwani baridi ya Juni na Julai haifiki kuyagandisha ndani ya tairi. Ila tairi isiyo na tyubu iwekewe tyubu kwanza, la sivyo kutu italila rimu kutoka ndani bila wewe kuona.

Kutengeneza barabara

Hii ndiyo kazi kubwa, na wengi huikosea kwa kuchagua siku mbaya. Barabara ya udongo mwekundu ikikauka kabisa, kisu hukwaruza tu na kutoa vumbi. Ikilowa sana, kisu huburuta tope na kulikoroga. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua, wakati udongo ukifinywa unashikamana bila kuacha maji kiganjani.

Pinda kisu kwa nyuzi 30 hivi, ili udongo uteleze kuelekea katikati ya barabara. Anza ukingo mmoja, kata sentimita 3 hadi 5, mwendo wa kilomita 4 hadi 6 kwa saa, usizidi. Mwendo mkali hufanya kisu kirukeruke, na kila kinaporuka kinaacha mawimbi ambayo magari yatayakuza. Rudi kwa ukingo wa pili. Mwishoni barabara iwe na mgongo: kwa upana wa mita 4, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10. Bila mgongo huo maji hutembea barabarani badala ya kutoka, na mvua mbili za radi zinatosha kuchimba mtaro pale magurudumu yanapopita.

Shimo usilijaze tu. Kata barabara mpaka ufike sakafu ya shimo, kisha sambaza upya. Udongo uliomwagwa ndani ya shimo lenye kuta ngumu haushikani na chochote; gari la kwanza huusukuma nje. Palipo na changarawe ya mlimani, ichanganye na udongo wa kichuguu: koleo moja la kichuguu kwa matatu ya changarawe. Vichuguu vyetu vikubwa vina udongo wa mfinyanzi mzuri (ndiyo maana watu hufyatua matofali kwa udongo wake), nao hushika mawe pamoja. Kichuguu peke yake kisiwekwe barabarani, kwa maana kikilowa huteleza kama sabuni. Maliza kwa kushindilia: jaza ndoo, ishushe karibu na ardhi, pita gurudumu kando ya alama ya gurudumu mpaka upana wote ukanyagwe.

Halafu mifereji. Maji yaliyotolewa barabarani yapewe njia ya kwenda, la sivyo yatarudi. Pandisha kisu upande mmoja, upande mwingine uchimbe, na kwenye mteremko fungua mchirizi wa kuyapeleka porini kila mita 20 hadi 40. Mteremko ukizidi, michirizi isogeleane.

Mazuti, girisi na kioo

Maji ndani ya mazuti (dizeli) ndiyo adui wa pampu na sindano za injini, na majira haya yanaingia kwa njia mbili: kwa bidoni (madumu) zilizoachwa wazi, na kwa tangi lililolala nusu tupu, ambamo unyevu wa hewa hugeuka matone usiku. Jaza tangi jioni. Mazuti ya bidoni yatulie siku nzima, na sentimita 5 za mwisho zisimiminwe. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kizibo cha chini cha filta ya kutenganisha maji, kinga kwa kikombe cheupe; maji yatakaa chini kama kioo, mazuti yatasimama juu yake. Endelea mpaka yatoke mazuti matupu.

Wakati wa tope, pini za ndoo na viungo vya shafti ya nyuma vipate girisi kila saa 10 za kazi, mpaka girisi chafu itoke na safi ionekane. Mafuta ya haidroliki yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia: yabadilishe pamoja na filta kabla pampu haijaharibika.

Kioo kikifunga ukungu, washa kiyoyozi pamoja na joto na acha hewa ya nje iingie. Ukifunga hewa ya nje, pumzi yako na viatu vilivyolowa vitaongeza ukungu. Safisha filta ya kabini Oktoba, ikiwa bado na vumbi kavu, maana vumbi hilo likilowa huwa tope. Na filta ya kawaida haizuii sumu ya kunyunyizia mimea. Vaa kinga zako hata kama milango imefungwa.

Trakta ikikwama

Acha kukanyaga mafuta mara tu magurudumu yanapozunguka bila kusogea. Kifungio cha difu, kinacholazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, kiwekwe kabla ya kuingia topeni, magurudumu yakiwa hayazunguki bure, na usikate kona kikiwa kimefungwa. Kama tayari umezama, elekeza mdomo wa ndoo chini, usukume ardhi mpaka mbele ipande, weka magogo chini ya matairi, kisha rudi nyuma taratibu.

Ukivuta lori la jirani, mnyororo ufungwe kwenye upau wa chini wa kuvutia tu. Ukifungwa kwenye mkono wa juu wa nyuma au juu ya ekseli, trakta husimama na kumwangukia dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Mkanda ufungwe muda wote, maana fremu ya kabini hukinga aliyebaki ndani yake tu. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo.

Radi zikianza, shusha ndoo na kisu chini, zima injini, funga milango na vioo, mikono mapajani, bila kugusa chuma. Usishuke kwenda chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.