Jinsi ya kucheza tonamenti za poka bila kupotea, siku ukila na siku ukiliwa

Wakuu habari za huko. Naona vijana wengi hapa Mwanza, kuanzia wanachuo wa Nyegezi mpaka huku Pasiansi, wameanza kuipenda poka ya Texas Hold'em (ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani), na wengi wanaingia kwenye tonamenti wiki mbili tatu wanatoka kapa halafu wanaamua mchezo una uchawi au wameibiwa, na wengine ndo wabaya zaidi, wanashinda mara moja tu wanaanza kuongelea kuacha kazi. Mimi naupenda huu mchezo kwa dhati na inaniuma kuona mtu mwenye akili nzuri ya karata anaharibikiwa kwa kitu ambacho angeelezwa mapema kingemnusuru. Kwahiyo hapa sifundishi kama flashi inaishinda streiti, hayo unayajua, nafundisha jinsi ya kuishi na hii panda shuka.

Anza na hesabu. Tuseme watu 40, kiingilio elfu ishirini, jumla laki nane, tuache kwanza makato ya mwendeshaji. Wanalipwa watano: 320,000, 200,000, 120,000, 96,000 na wa tano 64,000. Waliobaki 35 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa mchezaji mzuri, mzuri kweli, tumpe nafasi ya kulipwa asilimia 15 kila anapokaa mezani, na nyingi kati ya hizo atalipwa zile nafasi za chini, sio ile ya kwanza. Chukua kikokotoo cha simu yako uzidishe 0.85 kwa 0.85 mara kumi, utapata karibu 0.20. Maana yake ni kwamba katika wachezaji watano wa kiwango hicho hicho, mmoja anatoka kapa mara kumi mfululizo na hajakosea chochote! Mara ishirini mfululizo inakuja karibu asilimia 4, ni ndogo ndio, ila ukicheza kila wikiendi mwaka hadi mwaka subiri tu ipo siku itakukuta, na ikikukuta ukiwa hujui hii hesabu ndo utaanza kubadilisha uchezaji wako mzuri kwa sababu ya hasira.

Hapo ndo linakuja suala la mtaji, na hapa naomba unisikilize vizuri mdogo wangu maana ndo watu wanapoumia. Hela ya poka iwe pembeni kabisa, mimi naishauri ikae kwenye laini nyingine ya simu, isichanganyike na kodi ya nyumba wala ada ya mtoto wala hela ya dukani. Halafu kiingilio kimoja kisizidi sehemu moja ya mia ya huo mtaji. Una laki mbili za kuchezea? Basi kiingilio chako ni buku mbili, sio elfu ishirini. Najua inaonekana ni kujibana sana, lakini rudi juu kwenye ile ya kapa ishirini mfululizo uone ukiwa na viingilio kumi tu utafika wapi. Tena ile kurudi tena baada ya kutolewa, kila ukilipa kurudi ni kiingilio kingine kamili, kihesabu hivyo hivyo, kuna watu wanasema nilicheza tonamenti ya elfu kumi kumbe wamelipa mara tatu. Na mkopo wa kausha damu kwa ajili ya kiingilio, hapana, kwa heshima zote hapana. Ukijiona umeanza kumwambia mke wako uongo au kukopa ili uzirudishe za jana, simamisha mchezo hapo hapo, mwambie mtu wa karibu unayemuamini, karata zitakuwepo tu mwakani.

Wenye mitumbwi ya dagaa kule Igombe na Kayenze wanajua mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti dagaa vizuri, basi wanapumzisha mitumbwi wanashona nyavu, na mwenye akili alishaweka pembeni hela ya kula ya siku hizo. Kwenye poka hiyo mbalamwezi ipo, tofauti yake ni kwamba haina kalenda, kwahiyo akiba ya mwenzetu wa dagaa ni ya siku chache na yako inabidi iwe ya kutosha miezi.

Kabla hujaweka hata shilingi hakikisha anayeendesha ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na uwe umefika miaka 18. Kama bado unajifunza kusanyeni chipu tu mcheze bila hela, sisi wengine tunafanya hivyo Jumamosi na mtu anajifunza vizuri sana bila presha.

Sasa mezani. Mwanzo wa tonamenti unakuwa na chipu nyingi, labda blaindi kubwa 100 au zaidi (blaindi ni dau la lazima, ndogo na kubwa, linalowekwa kabla ya kucheza), hapo hakuna haraka yoyote, tazama flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani) kwa bei rahisi na jozi zako ndogo, utapata ya tatu yake kwenye flopu kama mara moja kwa nane, ukikosa unaachia huna cha kupigania. Acha kuweka chipu zote dakika ya kumi kwa A-K eti uwe na nyingi mapema. Sitakaa sana hapa, mwanzo haumalizi watu kama katikati na mwisho.

Katikati blaindi zinapanda na hapa ndo uvumilivu wa kijinga unaua watu. Kuna mtu anakaa anasubiri A mbili. Kaka, A mbili zinakuja mara moja katika 221, na mezani kwa kawaida zinagawiwa karata kama mara 25 mpaka 30 kwa saa, piga mwenyewe, ni kama masaa nane kwa wastani, na tonamenti yenyewe itakuwa imeisha! Kwahiyo zoea kuhesabu chipu zako kwa blaindi kubwa, usiseme nina chipu elfu kumi na mbili, sema nina blaindi 12, hapo hapo unajua uko wapi. Ukishafika kama 10 kushuka chini, mchezo wako ni wa aina mbili tu, weka zote au achia. Kureizi (kuongeza dau) kidogo halafu ukaachia ni kutupa robo ya maisha yako bure, ila ukiweka zote unashinda kwa njia mbili, ama wote wanaachia unaokota blaindi, ama mtu anakukoli (analipa dau sawa na lako) na karata zako zinasimama. Ukiwa kwenye batani (kiti cha mgawaji, nyuma yako zimebaki blaindi mbili tu) na wote wameachia kabla yako, jozi yoyote inatosha, A yoyote inatosha, hata K yenye mwenzake mzuri. Kumbuka pia blaindi ndogo, kubwa na ante (dau dogo la lazima la ziada) zikijumlishwa kwa mzunguko ni kama blaindi mbili na nusu, yaani ukiwa na 10 umebakiwa na mizunguko minne, usisubiri ufike 3 ndo ushtuke, maana ukiwa na 3 hakuna anayekuogopa, kila mtu anakukoli.

Halafu kuna pale mlangoni mwa zawadi, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mmebaki sita, wanalipwa watano. Wewe una blaindi 20, kuna mwenzako ana 3 amekaa anatoka jasho, na yule mwenye chipu nyingi kuliko wote anaweka zote mbele yako. Una A-J. Wengi wanakoli kwa kuwa karata ni nzuri. Achia. Sababu ni hii, hata ukizikusanya chipu zote za meza hupewi hela yote, mshindi anachukua asilimia 40, kwahiyo ukizidisha chipu mara mbili hela yako haizidi mara mbili, lakini ukizipoteza unapoteza kila kitu pamoja na ile 64,000 ambayo mwenye blaindi 3 alikuwa anakaribia kukuachia. Chipu unazopoteza zina thamani kuliko unazopata, likikaa hili kichwani utawapita wachezaji wengi sana wa kawaida. Na kinyume chake pia ni kweli, siku wewe ndo mwenye chipu nyingi, hapo hapo mlangoni ndo wakati wa kuwabana wenye chipu za katikati, usiwahurumie, wanaogopa kutoka kabla ya yule wa 3 na wewe unajua wanaogopa. Ila yule wa blaindi 3 mwenyewe usimtishie ovyo, yeye hana cha kupoteza atakukoli na chochote.

Tuje kwenye maumivu. Unaweka zote na K mbili, jamaa anakoli na A-Q, karata ya mwisho kabisa inatua A ya kopa, umetoka. Inauma, najua, kifua kinabana kabisa. Lakini angalia, hata ukiwa mbele kwa asilimia 80, ambayo ni nafasi nzuri sana, ukihitaji kuishinda mara tatu ili ufike meza ya mwisho, 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Nusu kwa nusu. Yaani umefanya kila kitu sawa mara tatu na bado ni kama kurusha sarafu. Mzee mmoja tunayecheza naye huku, mtu mzima wa Kirumba, kijana alimlalamikia, shikamoo mzee umeona nilivyochapwa? Akamjibu marahaba mwanangu, chipu ziliingia lini, kabla ya hiyo A au baada? Kijana akasema kabla. Basi umecheza, nenda kale. Hilo ndo swali la kujiuliza kila ukitolewa, wakati zinaingia zote nilikuwa mbele au nyuma, na kama nilikuwa nyuma je nilikuwa na sababu.

Kwa hiyo nunua daftari, la kawaida tu la dukani. Andika tarehe, kiingilio, watu wangapi, umetoka wa ngapi, ulikuwa na blaindi ngapi, na mkono uliokutoa, yaani karata ulizotoka nazo. Usiandike bahati mbaya, andika karata. Baada ya miezi kadhaa soma ukurasa kwa ukurasa utaanza kuona vitu, labda unatoka sana ukiwa kwenye blaindi kubwa unakoli kwa hasira, labda unafika mlangoni mara nyingi na chipu kidogo kwa kuwa unasubiri sana katikati. Mikono miwili mitatu mpelekee mtu anayekuzidi akuambie ukweli, msifichane. Tonamenti thelathini hazisemi kitu kuhusu uwezo wako, mia tatu zinaanza kunong'ona, kwahiyo usijiite bingwa wala usijiite mkosi mapema.

Kwa wa mtandaoni kuna mambo yetu ya huku. Tonamenti kubwa zimepangwa kwa jioni ya Ulaya na Marekani, kwahiyo sisi tunaanza usiku na ukifanya vizuri unamaliza alfajiri, sasa kama saa moja asubuhi unatakiwa ufungue duka Makoroboi, usiingie, kwa sababu maamuzi magumu ya mwisho utayafanya ukiwa umechoka kuliko wote na hapo ndo hela ilipo. Siku ya kucheza lala mchana. Kompyuta iwe imejaa chaji, umeme ukikatika usiku unakuta uko salama, na uwe na bando la mtandao wa pili kwenye simu maana ukipotea hewani programu inaendelea kukuachilisha karata na blaindi zinakulamba. Kula kabla, kojoa wakati wa mapumziko, maji mezani, pombe hapana.

Watu wanamtaja sana Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeshinda shindano kuu la World Series of Poker Las Vegas mwaka 2003, kiingilio dola 10,000 lakini yeye aliingia kupitia tonamenti ndogo ya mtandaoni ya dola zisizofika mia, akaondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli na ni jambo zuri sana, lilifungua mlango kwa watu wa kawaida, mwaka 2006 shindano lile lile liliingia watu 8,773. Lakini mwaka wake walikuwa 839, na hao 838 wengine wote walitolewa, wakiwemo wachezaji wazuri kuliko wengi wetu. Jifunze kwake hii ya kupanda kwa kiingilio kidogo, ambayo inawezekana kabisa kwa mtaji mdogo, ile ya milioni mbili na nusu usiipangie bajeti.

Na siku ukishinda, maana utashinda tu ukikaa kwenye hii njia, hatari ndo inaanza. Usicheze tena usiku huo huo, kichwa kiko juu mno. Usitangaze mtaani, marafiki wa kukopa wanazaliwa asubuhi. Toa kwanza nusu uipeleke nyumbani, mwenzako aione ile hela iliyomnyima usingizi na yeye, nusu nyingine iongeze kwenye mtaji. Tonamenti inayofuata unaingia kwa kiingilio kile kile cha zamani mpaka mtaji ufike viingilio 100 vya daraja la juu, ndo unapanda, na ukishapanda mtaji ukashuka chini ya viingilio 70 vya huko, unarudi daraja la chini wiki hiyo hiyo bila kusubiri ushauri wa mtu.