Refa katudhulumu? Fata hivi kabla hujaandika rufaa

Mimi napuliza kipenga hapa Pemba, na rufaa nyingi ninazoziona zinatupwa sio kwamba timu haikuonewa, ni kwamba wamelalamikia kitu kisichokatiwa rufaa. Manahodha na mameneja someni taratibu.

1. Jiulize, refa hakuona au hakujua sheria? Kesi yote ipo hapa. Refa kasema mpira umegonga mkono na wewe umeona kifua, hilo limekwisha yakhe, Sheria ya 5 ya soka inasema uamuzi wa refa juu ya tukio la mchezo ndo wa mwisho, hata ulete video za simu za uwanja wa Gombani mzima. Lakini kama tukio kaliona sawasawa halafu akatoa uamuzi ambao kwenye sheria haumo, hapo pa kushika papo.

Mfano, beki wenu kampigia kipa wake bek pasi ya makusudi kwa mguu, kipa kaidaka, refa kanyoosha mkono juu, indairekti, yaani fri kiki ambayo haiwi bao mpaka mpira umguse mtu mwengine kwanza. Mpigaji kaenda nao moja kwa moja nyavuni haukumgusa mtu, refa anaonesha kati, yaani kakubali bao. Bao hakuna hapo, ni golikiki! Ila kama ulimparaza hata mtu mmoja wa ukuta wenu bao halali, kwa hiyo ulizaneni kwanza. Na kama refa alisahau kunyoosha mkono basi sio golikiki tena, pigo linarudiwa.

2. Semeni kabla mpira haujaanzishwa. Refa anaruhusiwa kubadilisha uamuzi wake, ila mchezo ukishaanza tena basi. Aende nahodha peke yake, mikono nyuma, "refa, ilikuwa indairekti, haikugusa mtu", inatosha. Mkija timu nzima mnanizunguka na mwengine ananivuta jezi, mimi natafuta kadi tu wala siwasikilizi.

3. Andika hapo hapo benchi: dakika, nani kapiga, mchezo ulianzishwa vipi, na mkono wa refa ulikuwa juu au chini. Huu mkono watu huusahau kila siku.

4. Barua iwe fupi, taja sheria namba ngapi imekosewa, matusi na "refa kala pesa" wacheni huko huko barazani. Muda na ada someni kwenye kanuni za mashindano yenu.

5. Mkiwa mmeshinda pigeni hesabu kwanza. Septemba 2005 kule Tashkent, kufuzu Kombe la Dunia, Uzbekistan wamefunga penalti, mwenzao kaingia boksi mapema. Kwa sheria ya wakati ule penalti inarudiwa, refa akawapa Bahrain fri kiki. Uzbekistan wakashinda 1-0 na bado wakashitaki, wanataka wapewe 3-0. FIFA ikakubali kuwa refa kakosea sheria, ikafuta matokeo, mechi irudiwe. Ikarudiwa, 1-1, mechi ya pili kule Manama, kwao Bahrain, 0-0, Bahrain wakapita kwa bao la ugenini.