Bastola ndogo haipandishi risasi? Anza na magazini

Wakuu, mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: bastola ndogo ya kubeba kiunoni inafyatua risasi ya kwanza vizuri, ya pili inakwama njiani. Wote watatu walishaanza kuulizia bei ya springi mpya. Na mimi niliwahi kuliwa hela kwa mtindo huo huo, ndiyo maana naandika.

Nazungumza na mwenye leseni na silaha iliyoandikishwa kwa jina lake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani na wengine.

Kabla ya kugusa chochote. Elekeza mtutu upande salama, kidole mbali na kifyatulio. Chomoa magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) KWANZA, halafu ndiyo uvute slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele). Ukianza na slaidi, risasi iliyomo itaruka nje, nyingine itapanda kutoka kwenye magazini, na wewe utaapa kwamba bastola iko tupu. Tazama kwa macho chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe. Risasi zote zikae chumba kingine.

Hatua ya 1: jua inakwamia wapi. "Imejam" haimsaidii fundi. Pua ya risasi imegonga kimlima cha chini ya chemba ikabaki imeinamia hapo? Risasi imeingia lakini slaidi imebakiza milimita mbili tatu kufunga? Ganda tupu limebanwa limesimama wima kama bomba la jiko? Au ganda halikutoka kabisa na risasi nyingine inalisukuma kwa nyuma? La kwanza mara nyingi ni magazini. La pili ni uchafu, risasi yenyewe au springi ya slaidi. La tatu, angalia mkono wako kabla ya chuma. La nne ni kile kikucha kinachong'ata ukingo wa ganda, au chemba chafu.

Hatua ya 2: magazini. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na magazini mbili zinazofanana kama mapacha. Nikanunua springi, nikalipa na ufundi, Jumamosi iliyofuata bastola ikagoma vilevile. Jioni nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, moja nikaipaka tone jekundu kitakoni, nyingine jeupe. Tulipokwenda tena kupiga shabaha, kila iliyogoma ilikuwa nyekundu. Nilipoiweka mbele ya dirisha pembeni ya nyeupe, mdomo mmoja wa juu ulikuwa umetanuka kidogo tu, unene wa ukucha. Nikakumbuka ilivyoniponyoka siku moja ikaangukia sakafu ya saruji. Midomo hiyo ndiyo inayoishika risasi katika pembe ya kupandia. Ikitanuka, risasi inachomoka mapema au inainamisha pua. Usiikunje kwa koleo. Nunua nyingine.

Kama midomo ni mizima, ifungue. Anayezunguka Simanjiro au Longido kiangazi atakuta vumbi limejaa humo ndani. Futa kwa kitambaa kikavu na uirudishe kavu. Mafuta ndani ya magazini yanakamata vumbi, yanageuka tope, na kile kibao kinachosukuma risasi juu kinapanda kwa kuchechemea.

Hatua ya 3: risasi. Jaribu aina nyingine ya kipimo kile kile kutoka duka lenye leseni. Bastola nyingi ndogo hupandisha kirahisi risasi ya 9 mm yenye kichwa cha mviringo, lakini yenye kichwa kipana chenye tundu zinaikataa. Iliyobonyea au yenye kutu iweke kando.

Hatua ya 4: usafi na springi. Chemba, kimlima na chini ya kikucha, piga brashi. Mafuta ni tone moja moja kwenye reli za slaidi, basi. Springi ya slaidi ije mwisho. Ila ujue kwamba slaidi fupi ina safari fupi, hivyo springi yake hufanya kazi ngumu na huchoka mapema kuliko ya bastola kubwa. Fuata kijitabu cha mtengenezaji.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu, ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

MASWALI

*Mkuu, hicho kimlima nikipige msasa kiteleze?*
Usithubutu. Ukibadili pembe yake hairudi, na ukila chuma kwenye mdomo wa chemba, ganda linakosa egemeo na linaweza kupasuka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

*Shikamoo. Mimi ni mama wa duka hapa Moshi. Yangu inagoma kwangu tu, mume wangu akiishika inapiga zote.*
Marahaba mama. Bastola inahitaji mkono uliokaza ili slaidi irudi nyuma mpaka mwisho. Kifundo kikilegea, nguvu inaishia mkononi. Kaza kifundo, shika kwa mikono miwili juu kabisa ya mpini. Na unapopakia, vuta slaidi mpaka mwisho kisha iachie. Usiisindikize kwa mkono, itashindwa kufunga.

*Kila usiku natoa risasi ya chemba, asubuhi nairudisha ile ile. Kuna shida?*
Ipo kubwa. Kila inapogonga kimlima, kichwa kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda, na hapo mgandamizo unapanda kupita kiasi ikifyatuliwa. Isimamishe mezani pembeni ya mpya. Ikiwa fupi, usiipige.

*Mafuta ya kupikia yanafaa kwa dharura?*
Hapana kaka. Yanaganda kama gundi.

*Juzi ilitoa mlio mdogo, "puh". Nikavuta slaidi, nikaendelea.*
Mungu alikuwa upande wako. Mlio hafifu maana yake kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata inaupasua. Ukisikia hivyo, acha hapo hapo, toa risasi zote, mpelekee fundi auangalie mtutu. Na ukifyatua usisikie kitu kabisa, shikilia ukielekeza kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua. Nyingine huchelewa kuwaka.