Bega lililoganda: jinsi ya kuchanganya tuina ya Kichina na mazoezi yao ya asili

Nilikua na miaka 51, nakaa Guangzhou, China, nakusanya mizigo ya watu wa nyumbani, bega la kushoto likaanza kuuma usiku. Nikasema nimelala vibaya, wiki ikapita, mwezi ukapita, mpaka ikafika siku siwezi kufunga sidiria wala kujifunga kilemba, na mtu akinipamia kwenye metro machozi yananitoka palepale. Wachina wana jina lao la huu ugonjwa, wanauita wushijian, yaani bega la miaka hamsini, kwa sababu unawakamata sana watu wa kati ya 40 na 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari ndo usiseme. Kinachotokea ni kwamba ule mfuko unaozunguka kiungo cha bega unavimba, alafu unakuwa mnene na kusinyaa, mkono unakosa nafasi ya kuzunguka.

Naandika kwa sababu watu wengi wanakandwa tu. Mi mwenyewe nilikandwa wiki tatu, natoka pale mkono mwepesi kabisa, kesho asubuhi umerudi ulivyokuwa. Siku moja daktari wa idara ya tuina, yaani kukanda kwa Kichina, akaniuliza, nyumbani unafanya zoezi gani? Nikamwambia hakuna, naogopa. Akaniambia basi tuanze upya. Toka siku ile kila nikimaliza kukandwa sikuvaa viatu kwanza, nilisimamishwa ukutani nifanye zoezi wakati bega bado lina joto. Hapo ndipo lilipoanza kufunguka.

Na siyo kitu kipya. Tuina maana yake ni kusukuma na kukamata, na mazoezi yao ya kunyoosha mwili na kupumua yanaitwa daoyin, hivi viwili vimetembea pamoja miaka mingi sana. Kuna kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, walipolichimba miaka ya 1973 na 1974 wakakuta kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44 wanafanya mazoezi, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Na pale Shanghai kuna tawi la tuina linaitwa neigong, mgonjwa hakandwi tu, anafundishwa na kusimama na kuvuta misuli mwenyewe. Kuna na utafiti wa Shanghai uliotoka 2022, watu 102 wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu, nusu walipata tuina peke yake, nusu tuina pamoja na Yijinjing ambayo ni mazoezi yenye mikao 12, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8. Wote walipata nafuu ila waliochanganya walipata zaidi. Ile ilikuwa shingo, siyo bega, nasema wazi, ila nilivyousoma nilijiona mle ndani.

Haya, tuje kwenye kazi.

Kwanza kabisa hakikisha ni bega lililoganda kweli. Simama, bana viwiko vyote viwili kwenye mbavu, vikunje, vidole gumba viangalie juu, sasa fungua mikono ya mbele kwenda nje kama unafungua milango ya kabati. Upande mzima utaenda, upande mbovu utagoma mapema. Sasa mwambie mtu akusukumie taratibu, ukigoma hata kwake basi kuna uwezekano mkubwa ni kuganda. Kama wewe huwezi ila yeye anausogeza bila shida, hapo inaweza kuwa msuli umechanika na hiyo ni habari nyingine. Hata hivyo nenda hospitali, upigwe eksirei, upimwe sukari, maana wapo waliogundulika kisukari kupitia bega. Na usikande kabisa kabla ya kumuona daktari kama ulianguka, kama kuna homa, au bega limevimba na jekundu, kama umewahi kuwa na kansa, kama mkono umekufa ganzi au umekosa nguvu ghafla. Bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, wahi hospitali saa ileile, hilo ni suala la moyo. Mnaotumia dawa za kulainisha damu au mmeambiwa mifupa imekuwa myepesi, ongeeni na daktari kwanza.

Pili jua uko hatua gani. Miezi ya mwanzo ni maumivu, hasa usiku, hapo kanda kwa upole na zoezi liwe dogo, ukilazimisha unalichokoza. Baadae maumivu yanashuka lakini mkono umekaza, hapo ndo unafanya kazi kweli. Alafu linafunguka lenyewe polepole. Safari nzima inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu, kwaiyo mtu akikuahidi siku tatu mkimbie. Na maumivu ya mwanzo yakiwa makali sana muulize daktari kuhusu sindano ya steroidi ndani ya kiungo, inasaidia watu wengi kupata usingizi na kuweza kufanya zoezi, usione kama ni kusaliti tiba ya asili. Mwenye kisukari aseme mapema, ile sindano inapandisha sukari kwa siku kadhaa.

Sasa kukanda. Anza na joto dakika 10, taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa, jaribu kwanza kwa mkono wako (mwenye kisukari anaweza asisikie anavyoungua). Kaa kwenye stuli, mkandaji asimame pembeni. Pale kliniki wanatandika kitambaa cheupe juu ya bega na wanakandia juu yake, ngozi haichubuki, nyumbani kanga inatosha kabisa na huhitaji mafuta.

Mbinu ya kwanza ya mkono inaitwa gun, ni kubingirisha. Kunja ngumi kwa ulegevu sana, kama umeshika yai, weka upande wa kidole kidogo juu ya msuli, alafu bingirisha mgongo wa kiganja kwenda mbele na kurudi kwa kuzungusha mkono wa mbele na kulegeza kifundo. Mkono hausugui wala haupigi, umegandia palepale unabingirika tu. Wanafunzi wao wanafanyia mazoezi kwenye mfuko wa mchele muda mrefu kabla hawajamgusa mtu, na mwendo wao ni mara 120 mpaka 160 kwa dakika, wewe nyumbani usihangaike na spidi, tafuta mdundo usiobadilika. Pita kuanzia shingo kuja juu ya bega, kombe la bega, na mkono wa juu mpaka karibu na kiwiko, dakika 5 hivi. Usiguse shingo upande wa mbele na usibonyeze ndani ya kwapa, kuna mishipa mikubwa pale.

Alafu kamata. Shika ule msuli mnene kati ya shingo na bega kwa vidole na gumba, unyanyue kidogo, uachie, kama unakanda unga wa chapati taratibu, dakika 2 au 3. Shuka mpaka msuli wa mkono.

Kisha bonyeza vituo. Inua mkono pembeni kadri unavyoweza, utaona vishimo viwili vinatokea kwenye ncha ya bega, cha mbele ndo Jianyu na cha nyuma Jianliao. Kingine kiko katikati ya kombe la bega nyuma, kinaitwa Tianzong, hiki ukikipata mtu anaruka. Kila kimoja bonyeza kwa gumba kama nusu dakika, zungusha kidogo. Hapa kuna kitu wamenifundisha nakipenda sana: daktari akibonyeza haulizi inauma? Anauliza suan bu suan, yaani ni chachu au siyo chachu? Kuna ile hali nzito, ya kujaa, kama msuli umeng'ata ndimu, hiyo ndo inayotakiwa. Ikiwa ni maumivu makali ya kuchoma wanaita tong, hapo legeza mkono mara moja. Mama mjamzito asibonyezwe Jianjing, ile ya juu ya bega katikati, wala Hegu, ile ya kati ya gumba na kidole cha shahada, jadi yao inakataza kabisa.

Malizia kwa kushika mkono juu ya kiwiko na kuuzungusha mviringo mdogo, ndani ya nafasi ambayo haiumi, mara 5 huku na 5 kule, alafu ukung'ute kidogo kama unakung'uta nguo. Basi. Zile za kuvuta ghafla mpaka palie ko, Wachina wanaziita ban, hizo ni za daktari aliyesomea na si kila mgonjwa anafanyiwa. Mi kabla sijafika hospitali nilienda sehemu moja ya masaji ya mtaani, kijana akanipandisha mkono kwa nguvu, nikapiga kelele, nikakaa siku nne bila kulala. Bega lililoganda halivunjwi, na mfupa wa mama mtu mzima unaweza kuvunjika kweli kweli, naomba hili mlisikie.

Sasa usikae! Ndani ya dakika zilezile inuka uanze zoezi. Inama, mkono mzima ushike meza, mbovu uning'inie, yumbisha mwili na mkono ufuate wenyewe kama kamba ya ndoo kisimani, mbele nyuma, pembeni, mviringo, dakika 2. Kisha ukuta. Simama ukiuangalia, weka vidole na vitembee kupanda kama buibui, ukifika panapokaza vuta pumzi mbili tatu, jaribu nusu sentimita, shuka kwa vidole vilevile usiuangushe mkono. Mara 10. Chukua penseli weka alama ulipofika na tarehe. Pia lala chali, shika mti wa fagio kwa mikono miwili, viwiko kwenye mbavu, mkono mzima usukume mbovu kwenda nje taratibu, mara 10, hili watu wanalisahau na ndo upande unaoganda kuliko yote.

Mwisho ingiza Baduanjin, maana yake vipande nane vya hariri, zoezi linalotajwa toka enzi za wafalme wa Song, na mwaka 2003 idara ya michezo ya serikali yao ikalipanga upya pamoja na mengine matatu ili watu wote wafanye kwa namna moja. Zima linachukua kama dakika 12, ila kwa bega anza na vipande vinne vya kwanza. Cha kwanza, pishanisha vidole chini ya kitovu, pandisha mikono mbele ya mwili, geuza viganja usukume mbingu, shusha pembeni. Cha pili ni kuvuta upinde kama unamlenga mwewe, kifua kinafunguka na makombe yanasogeleana. Cha tatu mkono mmoja unasukuma juu na mwingine chini. Cha nne mikono iko chini inageuka nje huku unaangalia nyuma ya bega. Mara 6 kila kimoja, vuta pumzi ukipanda, toa ukishuka. Mkono ukiishia usawa wa kifua hapo ndo mbingu yako ya leo, usibane pumzi kuulazimisha. Aliyechoka au mwenye kizunguzungu afanye amekaa kwenye kiti.

Ratiba yangu ilikuwa kukandwa mara tatu kwa wiki na zoezi kila siku, asubuhi na jioni, hata siku nisizokandwa, zile nilitumia taulo ya moto tu. Kipimo ni hiki, kama baada ya zoezi maumivu yanatulia ndani ya saa moja na usiku haujaharibika, endelea, kama unalala vibaya kuliko jana punguza nusu.

Dada yangu wa Tanga ana kisukari na lake likaganda mwaka uliofuata, tukalifanyia kazi kwa video, binti yake ndo mkandaji. Binti akawa ananiambia, mama mdogo, anasema inauma. Namwambia muulize inauma ngapi kwa kumi, akisema tatu au nne endelea, ikifika tano legeza. Dada yeye anajibu kwa nyuma, mwambie mama yako mdogo ni tano na nusu. Kwao ukuta wa varanda umejaa alama za penseli, ya kwanza iko chini ya swichi ya taa, walipofika miezi mitano ikawa juu ya fremu ya mlango. Alama zinamsaidia mgonjwa, maana kuna wiki nzima huoni tofauti yoyote kwenye mwili lakini ukutani umepanda vidole viwili.

Mkiona miezi mitatu imepita na alama haijasogea kabisa, au maumivu yanazidi, rudini hospitali, kuna njia nyingine. Na bega zima nalo lifanyieni Baduanjin kila siku, kwa sababu kwa baadhi ya watu, hasa wenye sukari, la pili linafuata baadae.