Kabla ya kupanda gari ya shamba, tazama juu

Nyie mnaorudi shamba jioni, kabla hujaingia garini tupia jicho keria, pale juu ya paa panapofungwa mizigo. Magunia ya mchele, mikungu ya ndizi na baiskeli juu ya daladala ya mbao hupandisha uzito wote juu, na gari iliyolemewa kichwani haihitaji mwendo mkubwa ili ipinduke. Kona moja ya ghafla yatosha, au tairi la upande mmoja kushuka ukingo wa lami. Kwa Pemba, na vilima vyetu hivi, mimi hilo huliangalia mwanzo. Mwambie utingo mzigo mzito aushushe sakafuni, chini ya mabenchi. Atanuna, mwache anune.

Ukishakaa, usitoe kiwiko nje. Gari ikilala, mkono huo ndio unaobanwa. Wala usiruke: mara nyingi anayeruka huangukia kule kule gari inakolalia. Shika chuma kwa nguvu, kidevu kifuani. Mtoto akae katikati, si ukingoni. Aliye mbele na dereva afunge mkanda, hata kama ni safari fupi, anatoka Chake Chake kwenda Gombani tu. Ikishapinduka, injini izimwe haraka na sigara ziwe mbali, petroli huenda inavuja.