Kabla Hujajinyima Chakula, Fikiria Mfuko wa Nyongo

Dada yangu alipungua kilo 14 kwa wiki nane. Sote tulimsifu. Wiki ya tisa, saa nane za usiku, nilimkuta kitandani ameinama, mkono kaukandamiza chini ya mbavu za kulia, jasho linamtiririka, maumivu yamepanda hadi begani. Ultrasaundi ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Tangu hapo, kila anayeniambia anataka kupungua haraka namwomba anisikilize kwanza.

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, na mfuko mdogo ulio chini yake huihifadhi. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kuimwaga utumboni. Ukishinda na glasi ya juisi, hakuna cha kuukamua. Nyongo inatuama na kuwa nzito. Wakati huohuo mafuta ya mwili yanayeyuka kwa kasi na kuiongezea kolesteroli, mpaka inazidi kiasi ambacho nyongo inaweza kuyeyusha. Hapo chembe zinaganda, na chembe zikikua ni mawe. Kwa hiyo panga kupungua polepole: hatari hupanda sana ukipoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Usiruke milo, wala usifute mafuta yote. Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia, au kipande kizuri cha parachichi, katika mlo mmoja wa siku vinatosha kuufanya mfuko ufanye kazi. Mwenye mawe yanayomuuma tayari simwambii hivyo. Yeye apunguze mafuta na amwone daktari.

Halafu kuna bakteria, ambao watu wengi hawawafikirii kabisa. Wale wa utumboni hugeuza sehemu ya chumvi za nyongo kuwa asidi ya deoksikoli, nayo ikirudi kwenye ini kwa wingi huifanya nyongo ijae kolesteroli. Utumbo ukiwa mzito wanapata muda zaidi wa kuitengeneza. Ndiyo maana nasisitiza ugali wa dona, maharage, kunde na mchicha: nyuzinyuzi zake huusukuma utumbo. Bakteria wengine, kama E. coli, wakipanda hadi kwenye njia za nyongo, huvunjavunja bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo, ikashikana na kalsiamu na kuwa mawe ya kahawia.

Wa homa ya matumbo ndio wanaonitisha zaidi. Hujishikiza juu ya mawe kwa utando, dawa zikashindwa kuwafikia vizuri, na mtu akabaki mzima huku akiwatoa chooni kwa miaka. Mary Mallon, mpishi wa New York, aliwabeba hivyo bila kuugua; alitengwa mwaka 1907, akatengwa tena 1915 mpaka alipofariki 1938. Basi kama mpango wako ni wa juisi na kachumbari, uliza maji na barafu vimetoka wapi, na matunda yaoshwe kwa maji salama.

Muone daktari kabla ya kuanza kama mama au ndugu yako amewahi kuwa na mawe, kama una kisukari au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mwenye selimundu pia, maana mawe yake hutokana na chembe nyekundu za damu kuvunjika, hata akila vizuri namna gani. Ukipangiwa ultrasaundi, kaa saa sita hadi nane bila kula. Mfuko uliojikamua huficha mawe.

Na ile glasi ya mafuta ya zeituni na ndimu, eti ya kusafisha nyongo, iache. Madonge laini ya kijani yanayotoka kesho yake ni sabuni iliyotokana na mafuta yenyewe. Mawe bado yako palepale.

Maumivu yakidumu kwa saa kadhaa, ukipata homa na kutetemeka, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, nenda hospitali usiku huohuo.